Tuliyoyaona Katika Nyumba za Wenye Mali, na Mfuko Wetu wa Elimu



Kamati ya harambee ilituomba sisi wawili tuzungumze kwa nusu saa kuhusu kazi tuliyoifanya Dar es Salaam kwa miaka mingi, kazi ya kuzishauri familia zenye mali. Tunajua kwa nini tumeombwa mwaka huu na si mwaka mwingine. Kuna jambo la kuamua. Wako wanaotaka michango yote iende kwenye ukumbi mpya, na wako wanaotaka sehemu yake iwekwe kwenye mfuko wa kudumu wa kusomesha vijana. Tutalifikia jambo hilo, na msimamo wetu hatutauficha. Lakini kwanza kazi yenyewe, maana hapa nyumbani kuna wanaoamini tunauza bima, na wengine wanaamini tunabadilisha dola.

Familia ikishakuwa na nyumba za kupangisha, magari ya mizigo, hisa kidogo, duka moja Kariakoo na watoto walioko nchi tatu, inahitaji mtu wa kukaa nayo mezani na kuuliza maswali ambayo ndugu hawawezi kuulizana. Hiki kitauzwa lini? Deni lile ni la nani? Baba akiugua, nani anatia saini? Marekani, tajiri wa mafuta John D. Rockefeller aliweka ofisi nzima kwa shughuli hiyo tangu mwaka 1882. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili na feni moja. Kazi, hata hivyo, ilikuwa ni hiyo hiyo, na sehemu kubwa yake haikuwa hesabu. Ilikuwa ni kunywa chai kwenye sebule za watu na kusikiliza.

Tulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mambo mengi yalikuwa mapya. Sheria ya masoko ya mitaji ilikuwa imepitishwa mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kuuza na kununua Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, ile ya gesi ya TOL. Kabla ya hapo mtu mwenye fedha alinunua kiwanja, akajenga, akanunua lori, akanunua kiwanja kingine. Hatumlaumu. Hapakuwa na mahali pengine pa kuziweka isipokuwa benki, na benki ilikuwa moja au mbili.

Tena kulikuwa na kumbukumbu. Tulikuwa na mteja mmoja, bibi wa Kihindi pale Upanga, ambaye familia yake ilikuwa na jengo la ghorofa mjini hadi mwaka 1971. Mwaka huo serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na jengo lao likaenda pamoja na mengine. Alipotusimulia hakuwa na hasira, alikuwa akitufundisha kazi. Tangu siku ile, alisema, hakukubali tena mali yote ya nyumba yake iwe kitu cha aina moja. Kidogo kilikuwa dhahabu, kidogo duka, kidogo fedha benki, na kingi zaidi kilikwenda kwenye elimu ya wajukuu, kwa kuwa aliona hicho hakuna amri ya kukichukua. Sisi tulikuwa na vyeti ukutani, yeye hakuwa nacho hata kimoja, lakini mambo aliyotuambia kwa saa moja vitabu vyetu vilikuwa vimeyasema kwa kurasa mia nne.

Sasa tuwaambie kuhusu Mzee wa Malori. Tunamwita hivyo kwa sababu majina ya watu tuliowahudumia hatuyataji, hata mkitupa ndafu nzima.

Alikuwa mtu wa kwetu huku mlimani, aliyeanza na pikapu moja ya kubeba ndizi hadi Moshi mjini. Tulipokutana naye alikuwa na malori kumi na mawili ya kwenda Kigali na Lubumbashi, nyumba nne Dar es Salaam, na shamba Kibaha. Alikuwa na familia mbili, na zote mbili zilijuana bila kutembeleana. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Alijua lori gani linadaiwa tairi na mpangaji gani hajalipa tangu Pasaka. Hati za nyumba zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hatukujua ni kitanda cha nyumba gani. Tulimwomba mara tatu aandike wosia. Kila mara alicheka, akasema kuandika wosia ni kujiitia kifo, kisha akatuagizia soda.

Alifariki ghafla. Kabla matanga hayajaondolewa, watoto wa nyumba mbili walikuwa wameshaweka mawakili. Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi jinsi sheria zetu zilivyo. Mirathi katika nchi yetu inaweza kuendeshwa kwa mila, kufuatana na tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963. Inaweza kuendeshwa kwa sheria ya Kiislamu. Au inaweza kuendeshwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa Waingereza na bado inatumika. Marehemu asipoacha maandishi, swali la kwanza mahakamani huwa ni hilo: aliishi maisha ya namna gani, na afuate sheria ipi? Upande mmoja ukaleta kadi ya ndoa ya kanisani. Upande mwingine ukaleta wazee waliokunywa mbege ya mahari. Miaka ikapita. Malori yalisimama yadi, jua likala matairi, na vipuri vikapungua kila usiku. Madereva walitawanyika kutafuta kazi kwingine. Benki iliyokuwa ikidai ilichukua nyumba mbili. Kesi ilipokwisha, kilichogawanywa hakikufika hata nusu ya kile alichokiacha.

Lakini kihamba chake cha hapa nyumbani hakikuguswa. Hakuna aliyekidai, hakuna aliyekiuza, hakuna benki iliyokiwekea mkono. Migomba iliendelea kuzaa kama vile hakuna kilichotokea. Tulijiuliza sana kwa nini. Mtu yule yule, watoto wale wale, mawakili wale wale, na bado ekari moja na nusu ya migomba na kahawa ikapita salama pale ambapo mamilioni ya Dar es Salaam yalizama.

Jibu letu ni hili. Kihamba kilikuwa na kanuni ambayo kila mtu aliijua kabla mzee hajafa. Mipaka ilijulikana, masale yalipandwa na babu yake. Ilijulikana kwamba hakiuzwi, kwa kuwa makaburi yako mle. Ilijulikana kwamba kitinda mimba ndiye anayebaki kwa wazazi na kukishika. Unakula mkungu, unakunywa mbege yake, unauza kahawa yake, ila kihamba chenyewe si chako peke yako. Umeshikilia kwa niaba ya waliozikwa na ya ambao hawajazaliwa. Mali ya Dar es Salaam haikuwa na kanuni yoyote isipokuwa uhai wa mtu mmoja.

Hatusemi mila ile ilikuwa ya haki kwa wote. Mabinti wa yule mzee hawakupata kitu kwenye kihamba, na wajane wengi wa huku wanajua uchungu wa kuambiwa na shemeji wafunge virago. Mama zetu mliokaa upande huu mnatikisa vichwa, tunawaona. Kanuni inayojulikana na wote inaweza kuwa kanuni mbaya, na ikiwa mbaya ibadilishwe, iandikwe upya, ikubaliwe. Tunachosema ni kwamba kati ya familia zote tulizozihudumia, chache sana zilifilisiwa na soko. Hisa zilipanda na kushuka, shilingi ikashuka thamani, mwaka mmoja mvua ilikatika, na familia zilistahimili. Zilizovunjika zilivunjikia mezani, kwa sababu hakuna aliyejua nini hakiuzwi na nani ana neno la mwisho.

Kuhusu hisa, tuseme kwa kifupi maana tunaulizwa kila Desemba. NMB ilipouza hisa kwa wananchi mwaka 2008 bei ilikuwa shilingi 600. CRDB mwaka 2009 bei ilikuwa shilingi 150. Waliozinunua NMB na kuzishika wanacheka leo. CRDB iliwahi kupanda, ikashuka hata chini ya bei ya kwanza, kisha ikapanda tena, na wengi waliouza waliuza pale chini kwa hofu. Kilichowatenganisha waliopata na waliokosa mara nyingi hakikuwa akili. Aliyekuwa na fedha nyingine ya kulipia ada Januari hakulazimika kuuza. Ambaye hakuwa nayo aliuza kwa bei yoyote. Basi. Anayewaahidi faida ya asilimia thelathini kwa mwezi anawaingiza kwenye upatu, hata kama amekuja na suti na ameanza kwa sala.

Tuje kwenye jambo letu.

Wazee wetu walikuwa na chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933, na kahawa ndiyo iliyolipa karo za wengi walioko kwenye ukumbi huu wenye nywele nyeupe. Kahawa ya leo hailipi hivyo. Ni kweli kwamba tangu 2016 ada imefutwa katika shule za sekondari za serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na tunashukuru. Lakini kijana akimaliza kidato cha nne ndipo gharama zinapoanza upya. Chuo cha VETA kinataka ada na vifaa. Chuo cha afya kinataka ada, sare, chumba na chakula kwa miaka mitatu. Mnawajua vijana wetu wanaokaa pale kwenye vibanda vya bodaboda, na mnawajua wazazi wao. Kila mwaka tumewachangia wachache kwa dharura, mmoja akifiwa, mwingine mama yake akiugua, na fedha inaisha kabla ya mwezi wa pili.

Pendekezo la Bodi ni kwamba theluthi moja ya michango ya mwaka huu iwe ya mfuko wa kudumu. Fedha ya msingi haitumiki kamwe, kinachotumika ni mapato yake tu. Kwa maneno ya hapa nyumbani, mkungu unaliwa na kihamba kinabaki.

Tuwape mfano wa hesabu ili msiseme tunapiga porojo. Serikali huuza hatifungani kupitia minada ya Benki Kuu, na mtu anaweza kuanza na shilingi milioni moja. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Mwaka 2022 hatifungani ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Kwa kiwango kama hicho, chama kikiwa na hatifungani za milioni 100 kinapokea 12,560,000 kwa mwaka, yaani 6,280,000 kila nusu mwaka, miaka ishirini na mitano, na mwisho milioni 100 inarudi. Viwango hubadilika kutoka mnada hadi mnada, kwa hiyo mhazini asiichukue hesabu hii kama ahadi. Mwaka huu hatutafikisha milioni 100 kwenye mfuko. Tunaweza kuanza na zile tutakazopata, na kuongeza kila Desemba.

Tungeomba jambo moja liongezwe kwenye pendekezo la Bodi. Mapato yote yasitumike. Robo yake irudishwe kwenye fedha ya msingi kila mwaka. Milioni 100 itakayorudi baada ya miaka 25 haitanunua kile inachonunua leo, kama ambavyo ada ya chuo ya mwaka 2000 leo haitoshi hata nauli na godoro. Familia zilizosahau mfumuko wa bei ziliamka siku moja zikiwa na namba ile ile kwenye karatasi na mali nusu. Robo nyingine ya fedha ya msingi isifungwe muda mrefu. Ikae kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, wa aina ya Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, ambapo vipande vinaweza kuuzwa siku ya shida bila kuvunja kilichobaki.

Tumesikia hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito. Wanasema mtu akitoa anataka kuona tofali. Ni kweli. Ukumbi una paa, una jina lililoandikwa ukutani, unapiga picha nao. Hatifungani haina ukuta. Lakini tumekaa kwenye nyumba za matajiri waliojenga kila mwaka na hawakutenga fedha ya kupaka rangi, na tumeona jinsi majengo yanavyogeuka kuwa mzigo wa watoto. Ukumbi tunaoutaka utahitaji mlinzi, umeme, maji na bati jipya siku moja. Kila aliyechangia tofali aulize pia nani atalipa mlinzi.

Hoja nzito zaidi ni hii, na aliyeisema ni shangazi yetu mmoja aliyekaa mbele hapa. Alisema fedha iliyojengwa haiibiwi, bali fedha iliyolala inawaita wezi. Shangazi, hapo hatuwezi kukupinga, tunaweza tu kusema tuliyoyaona. Katika familia ambazo mali haikuibiwa, mambo haya yalikuwepo kwa pamoja. Mali iliandikwa kwa jina la chombo, si la mtu. Sisi bahati tunayo Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, na hatifungani zitaandikwa kwa jina lake. Mshauri hakushika fedha hata siku moja. Alishauri tu, fedha ikakaa mahali pengine, na taarifa ikatoka huko kuja moja kwa moja kwa familia bila kupitia mikononi mwake. Saini zilikuwa tatu, kutoka koo tofauti. Na taarifa ilisomwa kwa sauti, mbele ya wote, hata wasiojua hesabu, mara moja kwa mwaka. Wizi mwingi tuliouona ulianza mwaka ule ambao mtu alisema taarifa haijakamilika, tutaisoma mwakani.

Kanuni ya kugusa fedha ya msingi iandikwe sasa, kabla haijawa nyingi. Sisi tungesema isiguswe bila theluthi mbili ya mkutano mkuu, katika mikutano miwili mfululizo, ili hasira ya mwaka mmoja isiumalize. Na kwenye kanuni hiyo iandikwe wazi kwamba mabinti wanasomeshwa sawa na vijana wa kiume, na aliyeolewa nje ya kata hapotezi haki ya mtoto wake kuomba. Hapo tunataka mfuko uwe bora kuliko kihamba.

Wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba hawa wawili wanajitafutia kazi. Ni swali zuri na kila mtu aulize hivyo kila akikutana na mshauri wa fedha: nani anakulipa? Mshauri anayelipwa na muuzaji kwa kila bidhaa anayoiuza atakushauri ununue. Anayelipwa na wewe kwa saa zake anaweza kukushauri usifanye chochote, na mara nyingi huo ndio ushauri bora. Sisi tumemwandikia Mwenyekiti barua kwamba hatutapokea shilingi kutoka kwa mfuko huu, wala hatutakuwa wasimamizi wake, wala jamaa zetu wa karibu hawatakuwa miongoni mwa wenye saini. Bodi itafute mshauri mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, imwite hapa, akae kwenye kiti hiki mbele ya mkutano, na shangazi awe wa kwanza kumuuliza.

Kwenye fomu ya ahadi mliyopewa mlangoni kuna visanduku vitatu: ukumbi, mfuko wa elimu, na "popote Bodi itakapoona". Tunawaomba msijaze hicho cha tatu. Chagueni. Sisi tumeweka kiasi sawa kwenye visanduku viwili vya kwanza, maana hatuna ugomvi na ukumbi. Mvua ya mwaka jana ilitunyeshea sote kwenye turubai hili hili. Ahadi zinapokelewa hadi tarehe 31 Desemba, na mhazini atakuwa na stakabadhi meza ya kushoto. Usiondoke bila stakabadhi, hata kama mhazini ni binamu yako.

Mzee uliyenyoosha mkono tangu tulipotaja KNCU, tumekuona, swali la kwanza ni lako.